Kavutha na Taa ya Pili

Kila asubuhi Kavutha Kiilu alifunga mlango wa nyumba yake pale mtaa wa Jericho, akatembea hadi kwenye bomba la maji, akarudi kuutikisa. Majirani walishamzoea. Walimwacha apite mara ya kwanza bila neno, wakangoja arudi, atikise kufuli, aondoke tena, ndipo wakamsalimu, maana salamu ya mara ya kwanza ilikuwa haimfikii.

Hakuwahi kuibiwa hata kijiko. Hilo halikumtuliza. Aliona ni zamu yake tu haijafika, na kadiri ilivyochelewa ndivyo alivyoamini kwamba ikija itakuja kubwa. Redio yake ndogo ya betri, kitu pekee mle ndani ambacho mwizi mwenye akili timamu angejisumbua kukibeba, aliifungia kila siku ndani ya sanduku la bati ambalo mwanawe Ndete alikuwa amelikataa shuleni baada ya kubonyea. Juu ya redio aliweka blanketi. Juu ya sanduku aliweka beseni la vyombo, ili lionekane si kitu. Ufunguo alitembea nao kifuani.

Huyu ndiye mtu ambaye Ushirika wa Wachongaji wa Kyeni ulimkabidhi kompyuta.

Mumewe, marehemu Kiilu, alikuwa mchongaji wa twiga. Alimleta Nairobi kutoka Wamunyu, akamwachia nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, mtoto mmoja, na heshima ya wachongaji wenzake, ambao baada ya mazishi walikaa kikao wakakubaliana kwamba mjane apewe kazi, kisha wakakaa kikao cha pili kutafuta ni kazi gani. Hawakuwa na karani. Kavutha alijifunza kupiga taipu jioni jioni kwenye ukumbi wa kanisa, akarudi anaandika barua za ushirika na kuzisoma upya hadi karatasi inalegea kabla hajazitia kwenye bahasha. Wazee waliona ni bidii. Ilikuwa ni hofu, ila barua zilitoka safi vilevile.

Karakana ya Kyeni ilikuwa nyuma ya soko la Jericho, uwanja mrefu wenye geti upande mmoja na stoo ya kufungia bidhaa upande wa pili. Katikati walikaa wachongaji na vumbi lao. Walichonga twiga, vifaru, na kila mwaka, kwa ajili ya maduka ya makanisa kule Uholanzi, familia takatifu nzima pamoja na ng'ombe. Yusufu wa mwaka ule alikuwa na masikio makubwa kidogo, kwa sababu aliyemchonga alianza akiwa amekusudia ndovu. Waholanzi hawakulalamika.

Simu ilikuwa getini, ofisini kwa mwenyekiti, Mzee Nzuki. Kavutha na maboksi yake walikuwa kule stoo. Mara mbili ulivutwa waya wa simu kukatiza uwanja, na mara mbili ukaondolewa usiku na watu waliojua bei ya shaba kuliko ushirika ulivyojua. Ndipo mnunuzi wao mkubwa, Bi Marijke, alipokuja na zawadi ambayo hakuna aliyekuwa ameiona: kompyuta ya kupakata, kisanduku cheupe cha kuunganishwa na laini ya simu kule ofisini, na kadi bapa ya kuchomekwa ubavuni mwa kompyuta, ambayo ncha yake nyeusi ilibaki nje kama ulimi wa mtu anayefikiri. Kadi na kisanduku viliongea kupitia hewani, bila waya. Kadi ikaitwa kadi ya hewa. Kisanduku, ambacho hakikuzidi mkate wa nusu kwa ukubwa, kikaitwa mnara.

Vilifanya kazi vizuri hadi siku ambayo Mzee Mbaluka aliweka kifaru juu ya rafu.

Mzee Mbaluka ndiye aliyekuwa mkuu wa kupaka nta na kung'arisha, na maoni yake yalipakwa juu ya kila kitu pia, matabaka matatu. Rafu ilikuwa juu ya meza ya Kavutha. Kavutha alisema, "Mzee, kile kitaanguka," na Mbaluka akasema kifaru si kuku, hakirukiruki. Kikaanguka. Kilipiga ubavu wa kompyuta, kikavunja ulimi wa kadi. Kifaru chenyewe hakikupata hata mkwaruzo, jambo ambalo Mbaluka alilitaja mara kadhaa kama ushahidi wa ubora wa mti.

Bi Marijke aliandikiwa kwa posta. Akajibu kwamba atatuma kadi nyingine. Wakati wa kungoja, chama cha washonaji wa mtaa wa pili kilivunjiwa, kikabebewa hadi mkasi. Kamati ya Kyeni ikashtuka. Mzee Nzuki akamwita Irungu, mchomeleaji wa barabarani, akamwagiza sanduku la chuma la kufungia mnara ukutani. Irungu alikuwa fundi wa kuchukia nafasi wazi. Alileta kitu cha bati nene lililopigwa weldingi kila ukingo, mlango wenye bawaba za geti, matundu madogo ya kuchungulia taa, na tundu la nyuma la kupitisha nyaya. Mnara ukawekwa ndani, taa zikaonekana zikipepesa kama macho ya paka. Mchungaji akaombea. Mzee Nzuki akafunga kufuli mwenyewe, ufunguo akautia kwenye kamba, kamba akaitia shingoni, na tangu siku hiyo alitembea taratibu zaidi.

Kadi mpya ilifika Novemba, ule mwaka ambao dunia nzima ilikuwa ikiambiwa kwamba kompyuta zote zitapata wazimu ikifika elfu mbili. Kavutha aliifuata posta mjini, peke yake. Bahasha ilikuwa imefunguliwa kukaguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya karatasi. Aliiona ile gundi na moyo ukapiga teke. Aliitia kadi kifuani, pamoja na ufunguo wa sanduku, akarudi nayo Jericho amekunja mikono kama mtu mwenye baridi, jua likiwa la kuchoma ubongo.

Aliichomeka. Kwenye ulimi wa kadi kulikuwa na taa mbili. Ya kwanza, iliyosema kwamba kadi inapata umeme, ikawaka kijani. Ya pili, iliyosema kwamba kadi imeuona mnara, ililala.

Akaichomoa. Akaipuliza. Akaichomeka. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili ikalala.

"Labda imechoka na safari," alisema Nabwire.

Nabwire alikuwa mfungaji bidhaa, mama wa kutoka Busia aliyekaa ng'ambo ya ile meza na nyasi za kufungia twiga mapajani. Alikuwa jirani wa Kavutha pia, nyumba ya mkabala, kwa hiyo walikuwa pamoja kutwa, na kilichomuumiza Kavutha roho kilimchekesha Nabwire, wakagawana hivyo.

"Usinichekeshe, Nabwire. Mikono inatetemeka."

"Basi ishikwe na mtu asiyetetemeka. Leta." Nabwire aliichomoa, akaipangusa kwa leso, akairudisha. "Haya. Aki hii kitu ni jeuri. Labda ni ule mdudu wa elfu mbili. Amefika mapema, kama wageni wa matanga."

Kavutha alifuata karatasi ya maelekezo mstari kwa mstari. Alizima kompyuta, akaiwasha. Aliingiza disketi iliyokuja na kadi, akabonyeza ndiyo kila alipoulizwa, na alipobonyeza ndiyo ya mwisho akaogopa kwamba ilipaswa kuwa hapana, akaanza upya. Alihakikisha jina la mnara na neno la siri, herufi kwa herufi. Alihamishia kadi kwenye tundu la pili. Alipangusa meno ya kadi kwa raba ya kufutia, kama alivyoona watu wakifanya na betri. Kompyuta iliandika kwamba kadi ipo na ni nzima. Kisha ikaandika kwamba haikuona mtandao wowote. Taa ya pili ilibaki gizani.

Alikwenda getini kuchungulia mnara kupitia matundu ya Irungu. Taa za mnara zilikuwa zinapepesa kwa raha zake. Mnara ulikuwa hai. Basi kosa lilikuwa la kadi, na kadi aliileta yeye.

Hesabu hiyo hakuifanya peke yake.

"Mimi sisemi kitu," alisema Mzee Mbaluka kesho yake, akiwa amesimama katikati ya uwanja, mahali anaposimama mtu anayetaka kusema kitu. "Ninauliza tu. Mzungu hatumi kitu kibovu. Kimetoka kwao kizima. Kimefika hapa kibovu. Katikati ya kwao na hapa kulikuwa na nani?"

"Kulikuwa na posta," alisema Kavutha.

"Posta haina mikono, mwiitu. Ina karani." Alimwita binti kwa Kikamba, kisha akageukia wachongaji. "Mjini kuna watu wanabadilisha vitu. Unaingia na kizima, unatoka na kinachofanana nacho, na kitu kidogo mfukoni. Sisemi ni nani."

"Mzee, ile ya kwanza ilivunjwa na kifaru chako!" Nabwire alipaza sauti kutoka stoo.

"Kifaru hakikwenda posta," alisema Mbaluka, na watu wakacheka, na Kavutha alisikia kicheko kile kikimshuka mgongoni kama maji baridi, kwa sababu walicheka watu ambao jana wangempigania.

Mbaluka akaona ameshinda, akaongeza kwamba enzi za baba zao jambo kama hili halikuchukua muda: kililetwa kithitu, kitu cha kale cha kuapia, kila mtu akala kiapo juu yake, na mwongo akajulikana kwa makaburi. Wazee kadhaa waliinama wakatazama patasi zao. Wote walikuwa watu wa kanisa, na wote walijua familia fulani kule nyumbani iliyopukutika baada ya kiapo cha kithitu. Mzee Nzuki akaingilia haraka, akasema hakuna kithitu katika ushirika uliosajiliwa. Kungekuwa na mkutano wa wanachama Jumamosi. Kavutha angesimama mbele ya wote, angeeleza kadi ilipitia wapi, na kama maelezo hayatashika, ushirika ungetafuta karani mwingine na kumwandikia Bi Marijke sababu.

Sababu. Neno hilo Kavutha alilala nalo. Kazi ilikuwa ni ada ya Ndete na nyumba, hayo aliyajua. Lakini sababu ingefika Wamunyu kabla yake. Ingekaa kwenye kiti chake kanisani. Watu wangefunga milango yao na kuitikisa akipita. Maisha yake yote alikuwa amemngoja mwizi, na sasa mwizi alikuwa amefika na alikuwa ni yeye.

Alhamisi aliomba ruhusa akaipeleka kompyuta Eastleigh, kwa Yonis, aliyeuza na kutengeneza kompyuta kwenye kichumba nyuma ya duka la vitambaa. Yonis alikuwa kijana mpole wa macho ya kukosa usingizi. Hakuwahi kuiona kadi ya namna ile, akalisema hilo waziwazi, jambo lililomtisha Kavutha kuliko uongo.

"Sijawahi, mama. Lakini tutaiuliza."

Aliigeuza kompyuta huku na huku, akafungua madirisha ambayo Kavutha hakujua yapo, akasoma, akaguna. Kavutha aliusoma uso wake kama mgonjwa anavyosoma uso wa daktari.

"Kadi ni mzima," alisema mwishowe.

"Ni mzima?"

"Namba zake ziko sawa na disketi yake. Zimetoka pamoja, hii na hii, hakuna mtu amebadilisha. Inaita vizuri. Shida ni haijibiwi. Hapa kwangu haiwezi kujibiwa, sina hiyo mnara yenu. Lakini huko kwenu inaita, na mwenzake amenyamaza."

"Mwenzake ana taa. Nimeziona mwenyewe."

"Mtu anaweza kuwa na taa na hataki kuongea," alisema Yonis, akamfungia kompyuta kwenye mfuko wa plastiki. "Mwangalie huyo mwenzake, mama. Aliguswa?"

"Hakuna anayeweza kumgusa," alisema Kavutha. "Amefungiwa."

Alilisema hilo kwa fahari ya ushirika, na hakusikia alichokisema.

Kule Kyeni maneno ya Yonis yalipokewa kama yalivyotegemewa. Mzee Mbaluka aliuliza huyo Yonis ni nani, ni wa kanisa gani, na kwa nini fundi asiyeijua kadi aitolee ushahidi. Kavutha alijaribu kumweleza Mzee Nzuki kwamba pengine mnara utazamwe. Mzee Nzuki aliushika ufunguo kifuani.

"Utazamwe na nani?"

Kavutha aliona jibu likimwendea pabaya. Karani anayeshukiwa kuuza kadi anaomba afunguliwe mnara. Hata yeye mwenyewe angemshuku.

Ijumaa aliibeba kompyuta ikiwa wazi, ameishika kwa mikono miwili kama sinia la chai ya wageni, akazunguka uwanja mzima akitazama taa. Wachongaji walimpisha. Alipita kati ya twiga, akapita chooni, akapita nyuma ya ofisi. Kule nyuma, penye ukuta unaotoa nyaya za simu, taa ya pili ilipepesa mara moja, kama mtu aliyeitwa usingizini, ikazima. Alisimama pale hadi mikono ikafa ganzi. Haikurudi. Nabwire alikuja kumchukua.

"Iliwaka, Nabwire. Naapa iliwaka."

"Usiape, mama. Utampa Mbaluka mawazo."

Jumamosi asubuhi alijiandaa kwa mkutano kama anayejiandaa kwa mazishi, gauni la kijivu na viatu vya kubana. Redio ilikuwa mezani ikisoma matangazo ya vifo, sauti yake ya kila siku ikitaja mashemeji na wakwe wa marehemu mmoja wa mbali. Kavutha aliisikiliza bila kuisikia. Aliitia sandukuni, akaweka blanketi, akafunga kifuniko, akaweka beseni, akafika mlangoni.

Redio ilikuwa kimya. Je, aliizima? Hakukumbuka kuizima. Betri zingekufa. Mtu mwingine angeenda zake. Kavutha aliondoa beseni, akafungua kifuniko.

"...na wajukuu wengi," ilisema redio.

Alifunga kifuniko. Kukawa na mkwaruzo hafifu kama wa mchanga, basi. Aliinua kifuniko. "Mwili utatolewa..." Akafunga. Mchanga. Alitoa blanketi, akafikiri ni blanketi. Akafunga bila blanketi. Mchanga. Alichukua lile blanketi akaivingirisha redio hadi haionekani, akaiacha nje ya sanduku, mezani. Matangazo yakaendelea chini ya sufu, sauti imefifia lakini kila neno lipo, pamoja na jina la chifu.

Nabwire alimkuta amepiga magoti, anafungua na kufunga.

"Mama Ndete. Watu wanangoja. Umeanza kuongea na sanduku?"

"Nabwire, sikiliza. Nikifunga bati, redio haishiki."

"Kila mtu anajua bati haishiki. Shosho, bibi yangu mzaa mama, alikuwa akitoa redio nje ya nyumba ndiyo—" Nabwire akanyamaza. Lilikuwa tukio nadra, na Kavutha aliliheshimu. "Ile ya Irungu," alisema Nabwire polepole, "hata panya hawezi kusikia kitu mle."

Njiani, moyo wa Kavutha haukutulia. Ulibadilisha tu mashaka. Redio si kompyuta. Huenda bati la redio halihusiani na bati la mnara. Na kama linahusiana, angelisemaje? Kusimama mbele ya wanachama wote na kusema aliyeharibu ni mwenyekiti, mzee wa kanisa, kwa sanduku lililoombewa na mchungaji, ilikuwa ni njia nyingine ya kufukuzwa. Na akiomba lifunguliwe, Mbaluka angesema nini kilijulikana. Alifika getini akiwa na jibu sahihi na hana mahali pa kuliweka.

Wanachama walikuwa wamekaa kwenye magogo, uwanjani, mlango wa ofisi ukiwa wazi nyuma ya kiti cha Mzee Nzuki. Kompyuta iliwekwa juu ya kisiki mbele ya wote kama kichwa cha mshtakiwa. Kulisaliwa. Mzee Mbaluka aliuliza maswali yake, ambayo hayakuwa maswali. Kisha Kavutha aliambiwa asimame.

Alisimama. Alinyoosha gauni kwa viganja.

"Mwenyekiti, na wazee wangu," alisema. "Mzee Mbaluka amesema vitu vya ushirika vinabadilishwa. Sibishani naye. Kama kadi inaweza kubadilishwa, hata mnara unaweza. Tangu ulipofungiwa, nani amewahi kuuona? Tumeona taa tu. Taa ni kitu cha kununua. Naomba, kabla hamjanihukumu mimi, mali yote ikaguliwe leo leo mbele ya macho ya wanachama, tusije kesho tukasema na mnara nao ulipotea mikononi mwa Kavutha."

Wanachama wakaguna. Mzee Nzuki akaushika ufunguo.

"Mnara uko salama," alisema. "Mimi mwenyewe—"

"Hapana, hapana," alisema Mzee Mbaluka, ambaye hakuwahi kuona ukaguzi akaupita. "Hapo amesema. Wote tukaguliwe. Ndiyo haki. Fungua, mwenyekiti. Au kuna shida?"

Hakukuwa na shida. Kulikuwa na mzee aliyeulizwa kama kuna shida mbele ya watu wake. Mzee Nzuki aliinuka, akavua kamba shingoni, akaingia ofisini. Wakasikia kufuli, kisha zile bawaba za geti zikilia. Kavutha hakutazama ofisi. Alitazama ulimi wa kadi, taa moja ya kijani na nukta moja nyeusi pembeni yake, na akaomba maombi mafupi yasiyo na sarufi.

Nukta nyeusi ikawaka.

Haikupepesa. Ilikaa. Kavutha alinyoosha kidole, akabonyeza pale alipokuwa akibonyeza siku zote kabla ya kifaru, na kutoka ofisini kukapaa ule mlio wa mnara unapopiga simu, kama paka wawili wanaogombana ndani ya debe, mlio ambao Kyeni haikuusikia tangu kifaru kianguke. Wachongaji wakasimama wote. Barua za Bi Marijke zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, ya kwanza ikiuliza kama kadi imefika.

"Imepona!" mtu alipaza sauti.

Mzee Nzuki alikuwa ameridhika na alichokiona. Mnara ulikuwa ndani, mweupe, wa kwao. Akafunga mlango wa sanduku.

Taa ya pili ikazima. Barua ya nne ikakatikia katikati.

Vichwa vyote vikageukia ofisi. Mzee Nzuki alitokeza kichwa mlangoni. "Vipi?"

Mchongaji mmoja alinyoosha kidole kwenye kompyuta. Nabwire alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mzee Nzuki aliwatazama, akaitazama kompyuta, akarudi ndani. Bawaba zikalia. Taa ikawaka. Bawaba zikalia tena. Taa ikazima. Alifanya hivyo mara kadhaa, polepole zaidi kila mara, na kila mtu pale uwanjani alimhurumia, Kavutha zaidi ya wote, kwa sababu alijua hasa ilivyo kufungua na kufunga kitu ukitumaini jibu litabadilika.

Alipotoka, mlango aliuacha wazi.

"Irungu," alisema kwa sauti ya kikao, "amefanya kazi imara." Akakohoa. "Imara kupita kiasi. Kumbe hiki kitu kinataka hewa."

"Si ndiyo maana kinaitwa kadi ya hewa," alisema Mzee Mbaluka, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilisema hilo wiki nzima bila kusikilizwa.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa: kwamba mnara ulikosa hewa, ukafunguliwa na mwenyekiti, ukapata nafuu. Jina la Kavutha halikutajwa popote kwenye kumbukumbu za mkutano. Alizisoma mara nyingi kuhakikisha hilo, na akaona kwamba kutotajwa ndicho kitu kizuri zaidi alichowahi kuandikiwa. Hakuna aliyemwomba msamaha. Mchongaji mmoja alimbebea kompyuta hadi stoo. Mwingine alisema gauni lake ni zuri. Mzee Nzuki alimpa ufunguo wa akiba wa kufuli, uliokuwepo siku zote.

Wiki iliyofuata Mzee Mbaluka hakuonekana kwenye nta. Alikuwa nyuma ya choo na patasi, akifukuza kila aliyechungulia. Alitokea akiwa na sanduku la mbao, limechongwa majani pande zote, mlango na kufuli yake, na juu ya kifuniko amesimamisha kifaru. Ni kile kile. Aliling'oa la Irungu ukutani, akaweka lake, akaingiza mnara, akafunga. Kisha akaenda stoo, akasimama mbele ya meza ya Kavutha akitazama rafu.

"Inashika?"

Kavutha alitazama taa ya pili.

"Inashika, mzee."

"Mti hauzuii," alisema Mbaluka, akaondoka.

Kavutha alingoja hadi Mbaluka alipofika kwenye twiga. Kisha akainuka, akavuka uwanja hadi ofisini, akakishika kifaru kwa pembe na kukitikisa, kuona kama kimefungwa kwa skurubu. Kilikuwa kimefungwa. Alifika nusu ya uwanja, akasimama, akarudi kukitikisa tena.